Tusali Saa Gani?

Nyuma ya jiko letu kuna mwembe, na katika mwembe huo kumetundikwa kipande cha chuma cha reli, urefu wake kama mkono wa mtoto. Nilikinunua mwaka 1975 kwa mtu mmoja wa Kalemie, mwaka mmoja baada ya ndoa yangu. Kwa muda wa miaka kumi na minane nilikigonga kila siku mara mbili: saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili usiku. Kilikuwa kengele ya sala ya nyumba yetu. Leo kimeshika kutu, na wajukuu wanakigonga kwa mchezo tu. Nataka kuwaeleza kwa sababu gani niliacha kukigonga, maana wakristu wa shirika letu wananiuliza kila mara swali lile lile: Mwalimu, tusali saa gani?

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa Tanganika, upande wa kusini wa Kalemie. Sisi ni watoto wa misioni za zamani. Mapadri Weupe walifika Mpala mwaka 1885, wakaanza Kirungu mwaka 1893, na babu zetu walizoea kengele kabla hawajazoea saa ya mkono. Baba yangu hakuwa na saa hata siku moja. Aliposikia kengele ya mchana alisimamisha jembe, akavua kofia, akasali Malaika wa Bwana. Akiisha kusali alitazama kivuli chake. Kilikuwa kidogo kabisa, kimejikusanya chini ya miguu yake kama mbwa anayelala. "Kengele na jua vinapatana," alisema. Nilipokuwa mwalimu nilipata kujua ya kuwa alisema kweli. Nchi yetu iko karibu sana na mstari wa digri 30 wa mashariki, na saa ya upande wetu wa Kongo inafuata mstari huo. Basi saa sita ya kengele ni saa sita ya jua, isipokuwa zinaachana kwa dakika chache. Tena hatuko mbali na ikweta: mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima.

Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati ambayo Wazungu hawana. Wao wanaanza kuhesabu saa katikati ya usiku, sisi tunaanza na jua. Na hivyo ndivyo walivyohesabu watu wa nchi ya Yezu. Mfaransa akisoma katika Matendo ya Mitume ya kuwa Petro na Yoane walipanda hekaluni saa tisa, saa ya kusali, lazima mtu amweleze kwamba ni alasiri, jua limekwisha kuinama. Mama wa kijijini kwetu hana haja ya kuelezwa. Anaijua saa tisa: ni saa ya kukusanya ndagala zilizokauka juu ya mchanga. Roho Mtakatifu alipowashukia Mitume, watu walidhani wamelewa, na Petro akawajibu kwamba ni saa tatu tu ya asubuhi. Siku nyingine Petro huyo huyo alipanda juu ya dari kusali, ilikuwa saa sita, naye alikuwa na njaa kwa maana chakula kilikuwa bado jikoni. Yezu alisulibiwa saa tatu, giza likafunika nchi kutoka saa sita hata saa tisa.

Mjukuu wangu mmoja anasoma Lubumbashi, na kule shuleni wanahesabu saa kwa Kifaransa. Likizoni alinisomea habari ya Petro juu ya dari, kisha akacheka: "Babu, huyu Petro aliona njaa saa sita ya asubuhi? Alikuwa hajalala na kushiba?" Ikabidi nimpeleke nje, nimwonyeshe kivuli.

Ndiyo saa ambazo Kanisa lilichukua. Tertuliano wa Kartago, Mwafrika wa Kaskazini aliyeandika habari za sala kama mwaka 200, aliwakumbusha wakristu saa tatu, saa sita na saa tisa, zaidi ya sala ya asubuhi na ya jioni zilizo za lazima. (Baadaye alijitenga na Kanisa, lakini alipoandika hayo alikuwa bado ndugu yetu.) Wamonaki nao walizishika. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliandika kwamba wakati wa baridi ndugu waamke saa nane ya usiku, kusudi wawe wamelala kupita kidogo nusu ya usiku na chakula kiwe kimeshuka tumboni. Nalipenda sana neno hilo la chakula kushuka. Mtakatifu mkubwa, naye anafikiri matumbo ya ndugu zake kabla ya kuwaita kwa Mungu. Lakini zamani sikuliona neno hilo. Nililoliona mimi ni saa peke yake.

Maana mimi nilikuwa mtu wa saa. Nilianza ualimu mwaka 1970. Shuleni watoto waliingia kwa kengele na kutoka kwa kengele, na mchana niliwasimamisha wote, tukasali Malaika wa Bwana, ndipo wakakimbia kwenda kula. Nikadhani nyumba nayo ni kama darasa. Mke wangu alikuwa anafanya kazi ya ndagala. Wale wasiokaa kando ya ziwa labda hawajui kazi hii, basi niieleze kidogo.

Ndagala zinavuliwa usiku. Wavuvi wanatoka jua likizama, wanakwenda mbali na pwani, wanawasha taa. Zamani zilikuwa taa za petroli zinazotiwa upepo kwa pampu, siku hizi ni taa za betri. Samaki wanafuata mwanga, wanakusanyika chini ya mtumbwi, na wavuvi wanawateka kwa wavu. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu. Samaki wanatawanyika katika mwanga wa mbalamwezi. Kwa hiyo siku za mwezi mkubwa wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kazi yao inafuata mwezi, haifuati juma. Na wake zao, pamoja na mama wote wanaonunua na kukausha, wanafuata mitumbwi. Saa kumi na moja alfajiri lazima wawe pwani, na mabeseni yao. Anayechelewa anapata mabaki. Wakiisha kununua wanatandaza ndagala juu ya mchanga, wanazigeuza, wanafukuza kuku na ndege, wanatazama mbingu kama mvua inakuja. Mvua moja tu, na mali yote inaoza.

Hivyo mke wangu aliishi. Saa kumi na mbili nilipogonga chuma, yeye alikuwa pwani. Saa mbili usiku nilipogonga mara ya pili, yeye alikuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri. Alipiga magoti pamoja nasi, na kwenye fumbo la pili la rozari kichwa chake kilianguka kifuani. Watoto walichekana. Mimi nilikohoa. Akaamka, akasema "Utuombee" pasipo mahali pake, akasinzia tena.

Mwaka 1986, mwezi wa Rozari, usiku mmoja nilikatiza sala. Nikamwambia mbele ya watoto wote: "Mama, unasinzia mbele ya Mungu. Ungelala mbele ya Askofu?" Nikamwambia asimame, asali fumbo zima akisimama. Alisimama. Alisali mpaka mwisho, sauti yake ilikuwa ndogo. Kesho yake jioni nilipogonga chuma hakuja. Nilimkuta jikoni. Akaniambia bila hasira: "Baba, salini ninyi. Mimi Mungu ananiona kule pwani."

Nililichukua neno hilo kama jeuri. Kwa miaka saba hatukusali pamoja katika nyumba, isipokuwa kanisani siku ya dominika. Watoto walizoea. Mimi nilijihesabia haki, nikasema moyoni: nimefanya wajibu wangu, kengele inalia, asiyekuja atajibu mwenyewe. Hata padri aliponiuliza habari za nyumbani nilimjibu kwamba sala haikosekani. Haikuwa uongo. Lakini haikuwa kweli.

Mnakumbuka miaka ile ya 1990. Sisi walimu wa serikali tulikaa miezi mingi bila mshahara, wazazi ndio waliotulisha, na wazazi wenyewe hawakuwa na kitu. Nyumba yangu ilikula ndagala za mke wangu. Mtoto wetu wa kwanza wa kiume, alikuwa na miaka 17, aliomba kwenda na wavuvi usiku ili apate pesa za masomo. Nilikubali kwa shingo upande. Mama yake hakusema neno.

Sasa niseme habari ya mwezi wa saba wa mwaka 1993. Ninyi wa ziwani mnajua upepo wa kusini wa kiangazi: unaanza usiku wa manane, na kabla hakujacha mawimbi yanapanda kama vilima. Usiku ule ulivuma. Mimi nilisikia mabati yakilia, nikajifunika, nikalala. Saa kumi na mbili kamili nilitoka nikagonga chuma. Watoto walikuja wakiwa na usingizi, tukapiga magoti. Tulikuwa katika litania ya Bikira Maria wakati binti wa jirani alipofika mbio mlangoni. Akasema: "Baba Mwalimu, mama anakuita pwani. Mtumbwi wa kaka haujarudi."

Ndugu zangu, mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu: "Ngoja tumalize sala."

Na tulimaliza. Litania yote, na sala ya Malaika mlinzi, na ile ya marehemu. Nilifanya ishara ya msalaba polepole kama kawaida yangu. Ndipo nikachukua koti.

Pwani nilikuta mama kama ishirini. Waliwasha moto wa majani makavu juu ya mwamba, ili wale walio majini waone pwani iko wapi. Mitumbwi mingine ilikuwa imekwisha kuvutwa juu ya mchanga, imejaa maji. Mmoja ulikosekana. Mke wangu alikuwa amekaa karibu na moto, rozari mkononi, anaongoza, na wale wengine wanaitikia. Hawakuwa wamepiga magoti. Wengine walikuwa wamesimama wakitazama ziwa, mkono juu ya macho. Walikuwa wanasali tangu saa kumi. Nikafahamu kutokana na namna walivyoitikia ya kuwa hawakuanza siku ile. Ilikuwa desturi yao. Kila alfajiri ya siku za giza, wakingoja mitumbwi, mama hawa walisali rozari pwani, kwa maana saa ile ndiyo saa wasiyojua kama waume na watoto wao wako hai. Ni saa gani katika mchana wote inayomfaa mtu kusali kuliko hiyo? Na kwa miaka saba mimi, kiongozi wa shirika, nilikuwa sijui ya kuwa mke wangu anaongoza sala pwani kila alfajiri, umbali wa dakika kumi kutoka kitanda changu.

Mama mmoja mzee aliponiona alisema: "Mwalimu amefika, atuongoze." Nilifungua kinywa. Sikupata neno. Sala zote nilizokuwa nazo nilikuwa nimekwisha kuzimaliza nyumbani. Mke wangu alinitazama kidogo, akaendelea: "Salamu Maria." Nami nikaitikia pamoja na wengine.

Mtumbwi ulionekana saa tatu. Upepo ulikuwa umewasukuma mbali upande wa kaskazini, taa imezimika, kafi moja imevunjika, wakawa wanateka maji kwa sufuria usiku kucha. Mtoto wetu alishuka, midomo yake imepasuka kwa baridi. Mama yake alimvika kitenge chake. Kisha akachukua beseni, akaenda kununua ndagala za mtumbwi mwingine, kwa maana kulikuwa na watoto wengine wa kulisha.

Sikumwomba radhi siku ile. Wanaume wa umri wangu wataelewa, ingawa si sifa. Nilimwomba radhi baada ya majuma mawili, jikoni, nikishika kikombe. Alijibu: "Mimi nilikuwa nasinzia kweli, Baba." Basi, ikawa imekwisha.

Mwaka uliofuata padri mmoja mzee alikuja kutuhubiria mafungo. Nilimwambia habari yote katika muungamo, na baada ya muungamo tulizungumza nje, chini ya mti. Akanieleza neno ambalo sikulijua. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 50, imeandikwa kuhusu ndugu wanaofanya kazi mbali na hawawezi kufika kanisani kwa saa yake. Hao hawaamriwi kuacha kazi na kukimbia. Wasali pale pale kazini wanapokuwa, wakipiga magoti kwa kicho cha Mungu. Nao walio njiani vile vile: saa zisiwapite, wasali kadiri wawezavyo. "Unaona," padri aliniambia, "hata monaki ana pwani yake."

Mimi nilidhani Kanisa halibadili saa. Lakini limebadili mara nyingi, na kila mara kwa ajili ya watu wa kazi. Wazee wetu walikwenda kukomunika bila kula wala kunywa tangu saa sita ya usiku, wakatembea kilometa nyingi na tumbo tupu. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliruhusu maji, akafungua mlango kwa Misa za jioni. Mwaka 1957 akapunguza mfungo ule kuwa saa tatu, na kuruhusu Misa za jioni kila siku. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akaupunguza kuwa saa moja. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturgia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka sala za breviari zirudi katika saa zake za kweli kadiri inavyowezekana, ukifikiri pia maisha ya watu wa sasa. Maana ilikuwa imefika hali ya kuwa mapadri wengi, kwa wingi wa kazi, walikusanya sala za mchana mzima na kuzisoma kwa mara moja ili kutimiza deni. Mtaguso ulifanya masifu ya asubuhi na masifu ya jioni yawe kama bawaba mbili ambazo mlango wa siku unageukia. Na kwa saa tatu, saa sita na saa tisa, asiyesali katika jumuia ya wamonaki anaweza kuchagua moja, ile inayopatana na wakati alio nao. Si uvivu huo. Mtu aliyeacha nyingine mbili ili asali moja vizuri, sisi tuna neno gani juu yake?

Lakini msifikiri ya kuwa baada ya hapo nilipona kabisa. Nilianguka upande wa pili.

Niliacha ualimu mwaka 2012. Chuma cha reli nilikuwa nimekwisha kukiacha tangu siku ile ya upepo. Niliona aibu kukigusa. Sasa shule nayo haikuwapo ya kunishika. Nikajiambia: mimi ni mzee, sina kengele, nitasali kila wakati, moyo wangu wote utakuwa sala. Maneno mazuri. Asubuhi nilisema nitasali nikiisha kunywa chai. Nikiisha kunywa chai jirani alikuja na habari za kijiji. Mchana joto lilinilaza. Jioni redio. Usiku nilianza Baba Yetu kitandani, na sijui mara ngapi nilifika "Amina". Kwaresima ya mwaka 2013 nilinyosha mkono kuchukua rozari ukutani kwenye msumari, nikakuta buibui amefunga uzi kati ya rozari na ukuta. Ilikuwa kazi nzuri ya buibui, si ya siku moja.

Nilikumbuka tena yule Tertuliano. Alisema ya kuwa juu ya saa za sala hatukuamriwa neno lingine ila kusali siku zote na mahali pote. Na hapo hapo akaongeza kwamba hata hivyo ni vema mtu ajiwekee saa, zimvute kwa nguvu atoke katika shughuli zake, kana kwamba ni sheria. Mwafrika huyu alitujua. Anayesema "mimi nasali wakati wowote" mara nyingi ana buibui msumarini.

Safari hii sikuchagua mwenyewe. Nilimwuliza mke wangu. Nilimwuliza kama mtu anavyomwuliza fundi: wewe unayejua siku ya nyumba hii, mahali gani kuna nafasi ya Mungu? Akafikiri akichambua mchele. Akasema saa mbili usiku haifai, wala haikufaa hata siku moja. Watoto wamekula, wameshiba, macho mazito. Afadhali tusali wakati chungu kiko juu ya moto, saa kumi na mbili na nusu: kila mtu yuko karibu na jiko kwa sababu ya harufu, hakuna atakayekwenda mbali, na njaa inawaweka macho. Nilicheka, nikakumbuka Petro juu ya dari. Sasa tunasali hivyo, makumi mawili ya rozari tu, na siku ambazo maharagwe ni magumu tunamaliza yote matano.

Mchana anasali Malaika wa Bwana akigeuza ndagala. Papa Kalisto III ndiye aliyeagiza mwaka 1456 kengele ya mchana ipigwe katika makanisa, kwa sababu ya vita vya Waturuki, na mke wangu hana habari na Waturuki. Yeye ana jua la saa sita, na ndagala zinazotaka kugeuzwa upande wa pili. Anainama, anageuza, anasali, na mimi nikiwa karibu naitikia. Na alfajiri, siku za giza, nakwenda naye pwani. Macho yangu hayaoni vizuri, kazi yangu ni kushika beseni na kuitikia. Siku za mbalamwezi tunalala mpaka kukicha, tunasali kitandani tukikaa, bila haraka. Saa zetu basi hazifanani mwezi wote, lakini hazipotei, kwa maana tumezifunga katika vitu ambavyo havisahauliki: mtumbwi, mchanga, chungu.

Katika shirika letu kulikuwa na ubishi. Mkutano wa sala ulikuwa kila siku ya nne ya juma, jioni, na wavuvi hawakuonekana. Tukawaita wapagani wa ziwa. Nilipotoa shauri kwamba mkutano mkubwa uwe katika siku za mwezi mkubwa, mzee mmoja alisimama akasema: "Tangu lini Kanisa linafuata samaki?" Watu walipiga makofi. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilisema tu ya kuwa Mitume walikuwa wavuvi, nao walivua usiku kucha bila kupata kitu, na Bwana aliyefufuka aliwangoja pwani kulipokucha, na moto umewashwa na samaki juu yake. Hakuwaambia wamfuate hekaluni kwanza. Tulijaribu mwezi mmoja. Wavuvi kumi na wanne walikuja, wengine na nyavu zao za kushona. Yule mzee hakukubali mpaka leo, lakini anakuja, na anaimba kuliko wote.

Mlinzi wa usiku wa depo moja aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, mimi nalala asubuhi. Sala yangu ya asubuhi ni lini?" Nikamwambia: ni ile unapoamka, hata ikiwa saa nane mchana, na ile ya jioni uisali unapokabidhi funguo. Sikuridhika na elimu yangu, nikamwuliza padri wa parokia. Alisema ni sawa, akaongeza neno moja: awe na saa ya usiku pia, kwa kuwa yuko macho wakati parokia nzima imelala, asali kwa niaba yetu. Mlinzi alichagua saa nane, ile ya Mtakatifu Benedikto, bila kujua.

Juzi mwezi ulikufa. Usiku huu, ninapoandika karibu na taa, ziwa limejaa taa nyingine kutoka kusini hata kaskazini, mtu angesema ni mji. Mtoto wetu yule wa mwaka 1993 sasa ana mitumbwi miwili, naye yuko mle ndani. Upepo ni mdogo. Mke wangu amekwisha kuamka. Namsikia anatafuta kitambaa chake gizani. Anasema taa ya kwanza imegeuka kuja pwani, na beseni langu liko mlangoni.